Sanduku la Mama Lakiri

Ijumaa hii, tarehe 30, Mama Lakiri anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika ofisi yetu ya uchaguzi. Barua yake inasema anastaafishwa kwa manufaa ya umma, miaka minne kabla ya wakati. Umma wenyewe haukuulizwa, lakini hilo nalo tumeshalizoea.

Alianza akiwa karani wa daftari la wapiga kura, kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha lisilofungika. Marehemu waliomo daftarini aliwafuta mmoja mmoja kwa rula na wino mwekundu. Wakubwa walipowarudisha, aliwafuta tena. Jina la utani alilipata vituoni. Hakupiga lakiri kabla ya kulipindua sanduku mdomo chini na kulipiga makofi kwenye kitako, foleni nzima ione kwamba halina kitu. Binti yake anasema hata kopo la sukari nyumbani haliponi.

Katika miaka hiyo ofisi imepiga hatua kubwa. Mawakala wa upinzani walihamishwa kutoka mezani hadi mlangoni, kisha getini, kisha makwao. Wagombea walipungua kwa kukosea kujaza fomu, ugonjwa ambao haukuwahi kumpata mgombea wa wakubwa. Safari hii tuliletewa masanduku yaliyokwisha kupigwa lakiri makao makuu, eti kutupunguzia kazi. Mkuu wetu alieleza kikaoni kwamba nchi imekomaa, haihitaji tena maigizo ya kupindua masanduku. Tulipiga makofi. Mama Lakiri aliuliza ufunguo uko wapi.

Asubuhi ya uchaguzi alivunja lakiri kwa bisibisi, akalipindua sanduku, na karatasi zilizokwisha kutiwa alama zikamwagika hadi kwenye viatu vya polisi wa zamu. Foleni ilizihesabu kwa sauti: mia nne na kumi na mbili. Bibi mmoja aliyekuwa wa kwanza akasema basi arudi zake nyumbani, maana keshapigiwa. Mama Lakiri akamshika mkono, akampa karatasi, akamwambia apige, sasa ni tupu.

Kabla ya saa sita mchana kituo chake kilifutwa kwa kuvuruga amani. Vituo vingine vyote hamsini na tisa vilisifiwa kwa utulivu, na mkuu akapanda cheo. Ndiye atakayeupitia wasifu huu kabla ya kuchapwa. Kwa bahati nzuri huwa havuki aya ya kwanza.

Mimi nilisimamia kituo cha jirani. Kazi hii nilifundishwa na yeye. Sanduku langu nililiinua upande mmoja, nikasikia uzito, nikalirudisha chini taratibu na kuita mtu wa kwanza. Naona aibu mpaka leo.

Mama, asante kwa yote. Nenda kapumzike, uwe na afya na amani pamoja na wajukuu. Kuanzia Jumatatu kiti chako nimepewa mimi.