Eda Haikunisubiri

Assalam alaikum kwa wa msikitini, Bwana asifiwe kwa wa kanisani. Na wale mliokuja kwa sababu ya chai, msione haya, chai ipo. Mwenyekiti wetu ameniomba niongee Kiswahili ili dada zetu wa Sudan Kusini na wale wa upande wa Kongo nao wapate. Kiswahili changu ni cha sokoni na cha nyumba ya baba yangu aliyekuwa askari, kwa hiyo nikikosea, chekeni polepole. Kwa desturi ya kikundi chetu cha wajane sitataja jina la mtu. Mume wangu nitamwita baba watoto, kama nilivyomwita alipokuwa hai.

Baba watoto alikuwa fundi wa mashine za kusaga. Kuanzia hapa Arua mpaka ndani kabisa ya Ayivu, kinu kikigoma kusaga muhogo, watu waliwaita mafundi wa bei rahisi kwanza, halafu wakamwita yeye kurekebisha walichoharibu wale wengine. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimwuliza jambo leo, alikujibu keshokutwa, tena kwa kifupi.

Mwaka ule alinunua safari ya umra. Dada zangu Wakristo, umra ni ile safari ya Makka isiyo hija yenyewe. Wakala wa safari alikuja kutoka Kampala akakusanya watu, akawaonyesha picha. Ndege, viza, hoteli, chakula, basi la huko, vyote vimefungwa pamoja katika malipo mamoja. Kulikuwa na safari rahisi, ambayo hoteli yake iko mbali na msikiti, na kulikuwa na ile ghali, ambayo ukitoka mlangoni unauona msikiti. Baba watoto, mtu wa kushona viatu vyake mara tatu, akachagua ile ghali. Nilinuna. Nikamwuliza kwa nini asiende kama watu wengine. Akasema, "Niachie. Nikirudi nitakueleza." Mimi nikajua ndiyo kawaida yake, jibu litakuja keshokutwa.

Hakurudi. Simu ilikuja mchana ninachambua maharage. Kiongozi wa kikundi chao alisema kifua kilimbana, wakamkimbiza hospitali, amefariki, na wamekwisha kumzika huko huko. Nikamwambia, "Umekosea namba." Nikaendelea kuchambua maharage.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi si mjinga. Nimesoma kidogo, na mauti nayajua. Nimemzika baba, nimemzika mama, nimemzika mtoto. Lakini wote hao niliwaona. Hapa kwetu mtu anazikwa unatazama, udongo unausikia ukianguka. Hata pale Ombaci, palipouawa watu wengi siku za vita, waliopoteza watu wao wana mahali pa kwenda kusimama. Mimi nilipewa simu. Baadaye ikaja karatasi ya Kiarabu yenye jina lake na jina la baba yake, nami nikasema majina hayo ni ya nusu ya wanaume wa Koboko, atakuwa mwingine. Begi lake likaletwa na basi. Nikasema ametangulia kutuma mizigo.

Msicheke. Au chekeni, mimi mwenyewe sasa nacheka. Siku zile sikucheka.

Mama mkwe wangu anakaa nasi nyumba moja, na huyo aliyekufa ni mtoto wake wa pekee. Alinijia akaniambia, "Binti yangu, ingia eda." Kwa wasiojua, eda ni zile siku ambazo mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani kwake, hajipambi, hatembei ovyo, anamwombolezea mume. Ni miezi minne na siku kumi. Nikamjibu, "Eda ya nani? Mwenye mume haingii eda." Akanitazama, akatoka nje. Watu walipokuja na mikeka ya matanga, niliwaambia hapa hakuna msiba. Wakarudi na mikeka yao, wamekunja nyuso. Nilivaa nguo zangu za rangi. Nilipaka hina. Mjini wakasema mwanamke huyu amefurahia kifo cha mumewe, na wengine wakasema amerukwa na akili. Hao wa pili walikaribia ukweli.

Wenye vinu waliendelea kuleta vyuma vyao, kwa kuwa walitaka kunipa heshima na hawakujua watasema nini. Nikawa napokea. "Weka hapo barazani, akirudi atatengeneza." Baraza ikajaa chekeche na mikanda iliyokatika. Halafu nikaanza kuona vyuma vinapungua. Wenyewe walikuwa wanapita nikiwa sokoni, wanachukua vitu vyao kimya kimya wasinivunje moyo. Nilipoligundua hilo, nilikaa pale barazani katikati ya mikanda iliyobaki, na kwa mara ya kwanza niliogopa.

Sasa sikilizeni jinsi Mungu anavyofanya kazi zake. Alikuja mtafiti, binti wa chuo kimoja Kampala. Alikuwa anataka kujua kwa nini watu wa huku kwetu hununua safari za nje za malipo mamoja, waende umra, waende Yerusalemu, waende Dubai. Alitafuta watu wanaojua Kinubi, Kilugbara na Kiswahili wa kuuliza maswali nyumba kwa nyumba. Jirani akanitaja. Watu walishangaa nilipokubali. Walidhani ni njaa. Njaa ilikuwepo, lakini mimi nilikuwa na hesabu yangu moyoni. Nilijiambia, nikiuliza wasafiri wote hawa, lazima nitampata mmoja aliyemwona baba watoto akiwa hai.

Yule binti alitufundisha kazi siku nzima. Soma swali kama lilivyo. Usimsaidie mtu kujibu. Usiongeze neno lako. Akinyamaza, nyamaza naye. Akiongea, usimkatize hata kama unajua anadanganya. Mimi niliyezoea kumkatiza kila mtu, nilipata shida kweli.

Basi nikazunguka kwa boda na kwa miguu, nikichechemea. "Ulipoamua kununua safari hii, jambo gani lilikuvuta zaidi? Bei, hoteli, ratiba, jina la wakala, au ushauri wa jamaa?" Huko Mvara, mama mmoja wa kanisa alifikiri sana, akasema, "Andika hivi. Nilitaka kuona kama Yordani iko kubwa kushinda huu mto wetu Enyau." Nikamwuliza, "Na iko?" Nilivunja sheria hapo. Akasema, "Wacha tu, mama. Lakini nililia." Mfanyabiashara wa Juba anayeuza hapa mjini alisema alikwenda Dubai na kikundi kwa sababu mke wake mdogo alimwambia wanaume wenzake wote wamekwenda. Mzee mmoja wa Ayivu alisema yeye hakuamua kitu, watoto walimnunulia, naye alipofika huko alitaka kurudi palizi isimpite. Na kila mmoja, nikimaliza maswali ya karatasi, nilimwuliza la kwangu: hukumwona huko fundi mmoja wa Arua, mrefu, mwenye kovu hapa kidevuni? Hakuna aliyemwona.

Mwisho nikapelekwa Koboko. Nilioneshwa nyumba ya mama mmoja mtu mzima, Mnubi, ambaye aliporudi umra alipitiliza kwa binti yake Juba na alikuwa ndiyo kwanza amefika nyumbani. Alinipokea vizuri.

"Karibu, binti. Kaa. Wewe iko mutu ya wapi?"

"Arua, mama."

"Haya, uliza. Mimi sina kazi."

Nikauliza. Bei akajibu, hoteli akajibu, chakula akakisema vibaya. Nikafika kwenye swali moja karibu na mwisho: "Je, unaweza kumshauri mwenzako anunue safari kama hii, na kwa nini?"

"Nitamwambia anunue," akasema. "Unajua kwa nini? Kule tulipata kifo, na watu ya kikundi hawakukimbia. Mutu moja ya Arua alikufa. Fundi ya vinu."

Ndugu zangu, mkono wangu uliacha kuandika. Nilitaka kusimama niondoke, au nimzibe mdomo. Lakini nilikuwa nimefundishwa, akiongea usimkatize. Nikakaa.

"Huyo mutu alikuwa ya ajabu," akaendelea. "Sisi tukitoka kuswali tunaenda kulala. Yeye anatoka tena. Anatembea toka mlango ya hoteli mpaka mlango ya msikiti, anarudi, anatembea tena. Nikamwuliza, baba, umepoteza kitu? Akacheka. Akasema, mama, mimi nakuja kupima njia. Mama ya watoto yangu iko na goti mbaya. Nilinunua hii ya karibu sababu nataka kuona kama yeye atafika na miguu yake, bila kubebwa. Hapa iko ngazi, pale iko mahali ya kukaa. Mwaka ingine namleta. Anatuonyesha hata lile jiwe atakalia."

Akapangusa macho kwa ncha ya shuka yake.

"Halafu kifua ikamshika. Wanaume ya kikundi walimwosha. Tulimswalia mchana, watu wengi, wewe huwezi kuhesabu. Mimi nilimwona na hii macho yangu mbele hawajamfunika. Uso yake ilikuwa nzuri."

Nilikuwa nimemtafuta mtu aliyemwona. Nilimpata.

Nikasema, "Mama, huyo ni mume wangu. Goti ndilo hili."

Yule mama alishuka kwenye kiti chake, akaketi mkekani mbele yangu, akaliwekea goti langu mkono wake. Tukakaa hivyo mpaka adhana ya alasiri. Nililia kilio hata majirani wakaja kuuliza nani amekufa, na yule mama akawaambia, "Bwana yake." Nami sikumbishia.

Wazee walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Kiliniumbua Koboko, katika nyumba ya watu, nikiwa na hina mikononi.

Nilirudi Arua nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu wetu wa madrasa ya wanawake. Nikamwambia, "Nimekuja. Niingize eda." Alinishika mikono, kisha akasema, "Dada, eda huhesabiwa tangu siku mume alipofariki, mke akijua asijue, akikubali asikubali. Yako imekwisha juma lililopita."

Hapo ndipo nilipoanguka kweli. Niliposikia simu sikuanguka. Nilipoletewa begi sikuanguka. Nilianguka nilipoambiwa kwamba siku zangu za kumlilia mtu aliyenipimia njia zimekwisha, na nilizimaliza nikitembea na boda nikiwauliza watu habari za hoteli. Nilimwambia mwalimu, nipe nyingine. Akasema hana, hakuna mwenye nazo. Na sheria hainidai kitu tena, akasema, niko huru hata kuolewa. Niliona neno hilo chungu kuliko tusi.

Nikaenda nyumbani. Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Mama mkwe alikuwa jikoni, anakoroga uji. Nikasimama mlangoni, nikamwambia, "Mama, amekufa. Nimempata aliyemwona kabla hajazikwa." Nilitegemea atanisema, na haki alikuwa nayo. Aliuacha mwiko kwenye uji, akaja.

"Nilikuwa nakungoja," akasema. "Mimi iko mama yake, lakini nyumba ni yako. Nitalia namna gani na wewe unasema iko hai? Mara ingine nilikuwa naamini wewe. Nilikuwa nasema, pengine huyu mutoto anajua kitu."

Dada zangu, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kumbe na yeye alikuwa anakaa kando ya njia akitazama, kwa ajili yangu. Tulishikana pale pale sakafuni, uji ukaungua, watoto wakaja, nao wakalia. Walikuwa wametusubiri wote wawili.

Asubuhi mwalimu alikuja na wanawake wa mtaa. Baadhi ni wale wale niliowafukuza. Hawakuiita eda wala hawakuiita matanga. Walitandika tu, wakasoma dua, wakaketi nami siku nzima. Wale wenye vinu walikuja pia, wakakaa nje, na mmoja mmoja wakasimulia jinsi alivyowagombeza kwa kutopaka grisi. Jioni yake niliiosha ile hina mikononi, haikutoka, nikaiacha.

Nawashukuru. Namshukuru yule mama wa Koboko, ambaye siku hizi hunipigia simu kila Ijumaa. Namshukuru binti wa utafiti, maana nilipomwambia majibu ya nyumba ile sikuyamaliza, alisema yaache hayo, mama, si yangu. Nawashukuru wanawake wa mtaa waliorudi mahali walipofukuzwa. Na mama mkwe wangu, yule pale amekaa nyuma, anajifanya haelewi Kiswahili. Sisi wawili bado tunamlilia. Hata jana tulilia, kisha tukapika.

Somo langu ni dogo. Msiba ukikufikia kwa simu, upokee kama ungekufikia mlangoni. Hauondoki kwa kufungiwa, unakwenda kukaa kwa wengine wa nyumba yako. Na siku hazikungoji uwe tayari.

Nasema hivi kwa sababu ya mwenzetu mmoja aliyejiunga nasi majuzi. Dada, sikutaji, na usiinue kichwa kama hutaki. Mtu wako alizikwa mbali, barabara ikiwa imefungwa, na wewe hukufika. Unatuambia kila tukikutana kwamba uko sawa. Sawa. Lakini siku hutakuwa sawa, hata ikiwa ni baada ya miaka, hata kama watu watakuambia wakati umekwisha pita, tuite. Tutakuja, na hatutakuuliza ulichelewa wapi.