Vipimio Mia na Pasi Moja

Baada ya miaka kumi na minne na miezi mitano ya kazi, Anti Esi Nyarkoa Amissah, mratibu wetu wa wenyeji wa vipimio, amestaafu Ijumaa ya tarehe 29 Agosti 2025, siku ile ile aliyotimiza miaka sitini. Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike, nilimwambia mafundi wana kalamu nzuri kuliko yangu. Akasema mafundi hawakukaa naye kwenye foleni ya Kasoa saa tatu nzima. Hapo nikachukua kalamu, maana dereva wake ni mimi.

Kwa ndugu zake wa Saltpond ambao hadi leo wanaamini alikuwa anauza redio, naeleza. Kipimio ni kiboksi cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Kinachomekwa kwenye ruta ya nyumbani kwa mtu, na mchana kutwa kinatuma salamu ndogo kwa kompyuta za duniani na kuhesabu majibu yanarudi baada ya muda gani. Hivyo tunajua intaneti imekwama wapi, hata kama kampuni inasema kila kitu ni shwari. Wanaovitunza, tunaowaita wenyeji, ni watu wa kujitolea. Hawalipwi kitu. Kazi ya Anti Esi ilikuwa kuwatafuta watu hao, na kuwabembeleza wasichoke.

Mwezi alioanza kazi, mgeni mmoja mwenye tai alikuja ofisini akacheka mbele ya wafanyakazi wote. "Mama, nani atakaa na kitu asichokijua nyumbani kwake, bure? Ukipata kumi, niite." Anti Esi akamjibu kwa upole kwamba atampa mia, na taa zote zitawaka kwa wakati mmoja, na yeye atakuwa bado yupo kazini kuziona. Neno hilo alilitoa mbele za Mungu na mbele yetu. Likamkaa shingoni miaka yote hiyo.

Mia alizipata mwaka 2019. Kuwaka zote kwa pamoja ndiko kulikokataa. Tukifika tisini na saba, umeme unakatika Sunyani. Tukifika tisini na nane, mwenyeji wa Ho amehama na ruta yake. Tisini na tisa tulizifikisha mara sita, na kila mara Anti Esi alisimama mbele ya skrini ukutani, mikono kiunoni, akiitazama ile taa moja nyekundu ya kipimio kilichozimika kama mama anayemtazama mtoto aliyegoma kuoga.

Alikuwa na utaratibu wake. Kipimio kipya hakikuingia kwenye daftari mpaka siku ya nane, kama kwetu mtoto mchanga asivyotolewa nje wala kupewa jina kabla ya hapo. Siku ya nane anapiga simu, anauliza kama taa bado inawaka, kisha anakiandika kwa jina la siku kilipowashwa, kama tunavyowaita watoto wetu, wa Ijumaa akiwa Kofi. Jambo jema, ila gari la ofisi tulilipata Ijumaa tu. Matokeo yake, katika vipimio mia tulikuwa na akina Kofi sabini na mmoja. Fundi wetu mkuu, Selorm Agbeko, alikuwa akipaza sauti kutoka chumbani kwake, "Kofi amezima," na ofisi nzima inamjibu kwa pamoja, "Kofi yupi?"

Wenyeji nao walikuwa na mambo yao. Maame Ekuwa wa Sekondi aligusa kipimio chake, akaona kina joto, akakihurumia, akakiweka kwenye friji kando ya samaki, waya ukipita mlangoni. Kilipima vizuri mno. Kilichoharibika ni samaki. Shemasi mmoja wa Kumasi alikipaka chake mafuta ya upako, na kwa bidii ya imani akayamimina kwenye vile vitundu vya pembeni. Selorm alitaka kufoka. Anti Esi akamzuia. "Muache, mwanangu. Sisi wenyewe tumekiombea mara ngapi?" Shemasi alipewa kingine, na tangu hapo anakipaka juu tu.

Tusisahau na kazi kubwa. Ni vipimio vyake vinne vya Tamale vilivyoonyesha kwamba salamu ya kutoka Tamale kwenda Kumasi ilikuwa inapita kwanza ng'ambo ya bahari kabla ya kufika kwa jirani. Kampuni husika, jina naliacha, ilibisha wiki tatu kisha ikanyoosha njia yake kimyakimya. Mwalimu mmoja wa huko alitutumia gunia la viazi vikuu. Tulikula mwezi mzima.

Lakini adui wake mkubwa alikuwa pasi. Kila mwenyeji mpya alisomewa onyo hili kabla hajapewa kiboksi. "Umeme ukikatika, hiyo ni kazi ya serikali. Mvua ikinyesha, hiyo ni kazi ya Mungu. Ila ukikichomoa ili upige pasi nguo, hiyo ni kazi yako, na nitajua." Na kweli alijua. Taa zikizimika Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, alikuwa anataja hata dhehebu.

Sasa nije kwenye Ijumaa yenyewe. Skrini tuliihamishia ukumbini ili wageni waone. Anti Esi aliingia na kaba yake ya buluu, lile vazi la sherehe la blauzi na sketi ndefu, imenyooka mpaka mikunjo inakata. Saa nne asubuhi hesabu ilisoma tisini na tisa. Sala ya kufungua, tisini na tisa. Hotuba ya mkurugenzi, tisini na tisa. Nyekundu ilikuwa namba 61, hapa hapa Accra. Saa nane ofisi ingefungwa, na yeye angekuwa si mfanyakazi tena.

Akafungua daftari. Namba 61, Kofi wa Kaneshie, kwa fundi cherehani Lartey. Akampigia papo hapo, simu ikiwa kwenye spika, watu themanini wakisikiliza.

"Bwana Lartey, Kofi wako amelala. Mnyanyue, tafadhali, leo ndiyo siku yangu."

"Kofi gani tena, Anti? Si ulimchukua mwenyewe mwezi wa tano, nilipohamisha cherehani? Ulisema unakaa naye wiki moja."

Selorm akamtazama Anti Esi kuanzia begani hadi kwenye pindo.

"Anti," akasema taratibu, "hiyo kaba imepigwa pasi saa ngapi?"

Anti Esi akajishika kifuani. "Yesu wangu. Saa kumi na mbili."

Kicheko kama cha siku ile sijawahi kukisikia tangu nizaliwe. Mkurugenzi alikaa chini. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikamkanyaga mchungaji. Anti Esi alikuwa anampigia mdogo wake nyumbani huku machozi yanamtoka.

"Araba, nyuma ya televisheni. Chomoa pasi, chomeka kile kiboksi."

"Kwani hicho si ndicho ulichosema mtu asikiguse?"

"Araba, chomeka."

Kipimio huchukua dakika saba kuamka. Tuliimba tenzi mbili, wa tatu tukaukatiza katikati. Saa tano na dakika kumi na mbili, skrini ikasoma mia. Anti Esi alisogea karibu, akaigusa ile namba kwa kidole, kama anayehakikisha rangi imekauka. Zilikaa dakika nne, kisha umeme ukakatika Bolgatanga. Zilitosha.

Kabla ya kukabidhi daftari, alikata jina la Lartey kwenye namba 61 na kuandika kwa mkono wake: "Mwenyeji: Esi Amissah, mstaafu. Aonywe kuhusu pasi."

Kwa hiyo hajatuacha. Amehamia upande wa wanaobembelezwa. Anti, ahsante kwa kututafutia nyumba mia ambazo tukibisha hodi tunakaribishwa kiti na chakula. Zawadi ya ofisi unayo tayari. Yangu binafsi nitakuletea mwenyewe Ijumaa, ni waya wa kuongezea wenye soketi nne. Mungu akujalie miaka mingi ya raha, nguo zilizonyooka, na Kofi asizimike.

Ebo Tawiah, dereva