Betri ya Sola Yenye Wadai Wawili

Pantoni ilikuwa inavuka mto Kafue, na Namakau amepakata betri mpya ya sola. Mzee mmoja, asiye na mzigo ila kofia, akamwuliza mbona kanuna.

"Jirani kafiwa. Wanataka umeme wangu wa taa za mkesha. Na mama yangu usiku hapumui bila mashine."

"Msiba haunyimwi, mwanangu."

"Najua, mzee. Nikiwapa, kesho watahamia kwangu kulia upya."

"Basi wape nusu."

"Nusu ya pumzi?"

Mzee akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

Pantoni ikagusa ukingo. Wanawake wawili wa matangani, waliokuwa wakimngoja ng'ambo, wakateremka hadi kwenye pantoni, wakampa Namakau pole ya safari, wakaishika betri kila mmoja upande wake. Namakau naye hakuiachia.