Mama Dirisha na Sauti ya Udahili

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye ofisi ya udahili, Mama Dirisha anastaafu rasmi Ijumaa hii. Kuanzia mkuu wa chuo hadi wapishi wa kantini, sote tumemwita kwa jina hilo, na hajawahi kulilalamikia.

Alianza kazi tukiwa chuo kidogo cha ufundi chenye karakana tatu na bomba moja la maji. Wanafunzi wapya walienea wote kwenye kivuli cha jengo. Mama aliwaita mmoja mmoja kupitia dirisha lenye wavu, bila kupaza sauti, na hata aliyesimama getini alimsikia kama aliyenong'onezwa sikioni. Kuna kijana aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa, akaleta cha ndoa ya wazazi wake. Mama alikisoma chote, akawatumia wazee pongezi, akamwambia sasa arudi na chake.

Kisha tukapandishwa hadhi kuwa chuo kikuu cha ufundi, na watu wakaja. Foleni ilijaza ukumbi, ikatoka nje, ikaizunguka karakana ya uashi na kurudi kukutana na mkia wake. Mwaka mmoja walisukumana mpaka kioo kikapasuka na binti mmoja akavunjika mkono. Ndipo mhadhiri wa elektroniki akaja na wazo lake: mtambo wa kuwaita wanafunzi kwa vipaza sauti, kwa sauti ya Mama. Alimfungia kwenye chumba kilichozungushiwa magodoro, akamsomesha silabi zote ili mtambo uweze kuunga jina lolote. Kuna siku Mama aligoma katikati. Alitaka kwanza aelezwe hiyo "nywe" ni ya jina la nani.

Mtambo ulifanya kazi kupita matarajio. Umati usiomsikia mlinzi mwenye rungu ulijipanga wenyewe kwa sauti ile. Kila mwaka tulipokea wanafunzi wengi kuliko mwaka uliotangulia, wala hakuna kioo kingine kilichopasuka. Chuo kilimpa Mama hati ya shukrani na birika la umeme.

Kuzoea ndiko kulikotusumbua. Unamkuta Mama mdomo umejaa mkate, huku sauti yake inamwita mtu dirisha la pili. Baadaye mtambo ukaanza kushusha pumzi. Mchana ukishachoka na foleni bado ndefu, katikati ya jina na jina, ulisikika ukishusha pumzi kama mtu aliyevimba miguu. Mama hakurekodiwa akishusha pumzi. Mhadhiri aliufungua, akaupekua ndani nje, hakuona kitu. Akaufunga, ukapumua tena. Mwaka uliofuata ulimwambia binti aliyekuwa akilia kwenye foleni, "Futa machozi, mwanangu." Hakuna aliyeuandikia maneno hayo. Binti akafuta machozi. Sisi tukaangaliana, tukaendelea kugonga mihuri.

Wakati huo Mama alishafanyiwa upasuaji wa koo, akarudi na sauti ya mlango unaokwaruza sakafu. Wanafunzi walimuuliza ni nani yule anayeita huko juu. "Mdogo wangu," alijibu, akaendelea kukagua vyeti. Tulicheka, lakini sisi wa madirisha ya jirani tulimwona alivyokuwa akiinamisha kichwa kila vipaza sauti vinapowaka.

Kilichomfika shingoni kilitokea nyumbani. Mumewe, fundi saa aliyekwisha kufunga duka, alikuwa na mazoea ya kupiga simu ya udahili baada ya saa za kazi, ambapo mpokeaji ni mtambo uleule, kwa sauti ileile. Alidai anaulizia karo. Hawana mtoto wa kulipiwa karo. Kitinda mimba wao ana watoto wake. Jioni moja Mama alimkuta barazani, simu sikioni, anacheka peke yake. Akataka kujua kuna kichekesho gani kwenye saa za kufungua ofisi. Mzee hakuficha: leo ameulizwa kama amekula.

Kesho yake Mama aliingia kwa mkuu wa chuo na ombi moja tu, kwamba asiondoke hapa akaiacha sauti yake nyuma. Mkuu alikuna kichwa. Tulishawahi kujaribu sauti ya mtangazaji wa redio, na kabla ya adhuhuri watu walianza kukanyagana. Mama akasema basi, foleni yenyewe ndiyo ifutwe. Alikaa na wakuu wa vitivo, akawagawa wanafunzi wapya kwa wiki na kwa saa, kila mmoja atumiwe ujumbe wa simu wa kumwambia zamu yake. Udahili uliopita ulikuwa mkubwa kuliko wowote uliotangulia, na bado viti vya ukumbini vilibaki vitupu. Hiyo ndiyo kazi kubwa anayotuachia.

Jumatatu mhadhiri alizichomoa nyaya za mtambo mbele yetu sote. Tulikuwa bado tunapiga makofi vipaza sauti vilipowaka. Kwa ile sauti ya ujana vikamwita Mama, majina yake yote matatu, aende dirisha namba tatu na vyeti halisi.

Mama alichukua mkoba wake, akaenda kusimama dirishani, upande wa nje, upande ambao hajawahi kusimama. Ndani hapakuwa na mtu. Alikaa pale kitambo, midomo ikicheza, nasi tukakaa mbali kwa adabu. Kisha akafunga mkoba, akatugeukia, akasema kazi imekwisha, watu waende makwao.

Sote tukatazama juu, kwenye vipaza sauti. Vilikuwa vimezimika. Maneno yale, laini na ya karibu kama ya miaka ile, yalikuwa yametoka mdomoni mwake.

Asante, Mama, kwa kila uliyempokea na kwa kila uliyemrudisha akalete cheti chake. Tunakuombea miaka mingi ya kukaa na mzee barazani, bila foleni wala mhuri. Na siku ukisikia unaitwa kutoka huku kwetu, usigeuke, hatutakuwa sisi.