Nilimshukuru Mungu kwa Uvimbe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa sauti ya chini, dirisha hili liko karibu na barabara. Amina. Leo tumekaa wanaume peke yetu, na mke wangu Nafula, aliye upande wa pili na akina mama, amenipa ruhusa niseme yote. Naomba msicheke. Au chekeni, lakini mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu jambo lenyewe hata mimi bado halijanikaa sawa kichwani.

Wengi mnanijua. Mimi ni fundi wa magari kule Kisenyi. Nilitoka Bungoma nikaja Kampala kutafuta kazi, nikaoa, tukapanga chumba Kalerwe nyuma ya soko. Tuliishi vizuri. Halafu Nafula akanyamaza. Alipika, alifua, alinikaribisha nikitoka kazini, lakini moyo wake haukuwa pale. Tukilala, ananigeuzia mgongo. Nikimuuliza, "Mama, kuna nini?" ananijibu, "Hakuna kitu." Jumamosi anakwenda Ggaba, kule ziwani, kununua samaki, anarudi macho mekundu. Nikadhani ni moshi wa wakaanga samaki.

Kwa kuwa hakunipa sababu, nikajitafutia mwenyewe. Pale gereji tuna bafu moja la mabati, tunaoga humo kuondoa mafuta ya magari kabla ya kwenda nyumbani. Siku moja mwenzangu akatania maumbile yangu mbele ya wote. Walicheka sana! Nikacheka nao, lakini nilirudi nyumbani na ule mzaha. Nikasema, kumbe ndiyo hii. Ndiyo maana mke wangu ananigeuzia mgongo.

Kulikuwa na sajini mmoja, tumwite Drajua, mtu wa Arua, mwalimu wa mazoezi jeshini. Alileta gari lake kwetu mara kwa mara, tukazoeana, na siku ile alikuwa pale. Akanivuta pembeni.

"Fundi, wewe usisikie hao watu. Iko mazoezi. Mimi mwenyewe nilifanya. Hii kitu inakua, kama mkono inakua ukibeba chuma."

"Kweli, afande?"

"Mimi nasema!"

Ndugu zangu, mnajua, tangu jeshi lishike nchi, mtu wa jeshi akishasema "mimi nasema" hakuna la kuongeza. Lakini sikumwamini kwa woga peke yake. Alikuwa na hakika, na alisema limemtokea mwilini mwake. Mimi nilikuwa nani wa kumwambia halikutokea?

Sitaeleza yanavyofanywa, nisije nikamfundisha mtu hapa. Nilijifungia bafuni nikafanya. Kuna asubuhi nilijiangalia nikaona, naam, imeongezeka! Jioni naangalia tena, iko vile vile. Kesho yake naona tena imeongezeka. Na Drajua akija gereji anauliza mbele ya watu, "Eh, fundi, inaendelea?" Nami najibu, "Inaendelea, afande." Mpaka leo sijui kama nilijibu hivyo kwa kumwogopa au kwa sababu nilikuwa nimeona. Mtaniambia ninyi.

Basi asubuhi moja nikaamka nikakuta mabadiliko makubwa kabisa. Wala halikuwa jambo la kukisia! Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamshukuru Mungu. Ndugu zangu, nilimshukuru Mungu kwa uvimbe! Kabla ya wiki kuisha ngozi ilikuwa nyeusi kama biringanya, kukojoa ni machozi, na kutembea ni kama mtu aliyetoka jandoni. Nikaenda hospitali.

Daktari alikuwa Muganda mtu mzima, mpole. Nilimweleza. Akasema, "Ssebo," yaani bwana, "hakuna zoezi linalofanya hivyo. Umechana mishipa midogo ndani. Uvimbe utashuka ukiacha."

Nikamwuliza, "Daktari, umewahi kujaribu mwenyewe?"

"Sijawahi. Lakini nimewatibu waliojaribu, na wote walikuja wameumia."

"Aliyefanikiwa angekuja hospitali kufanya nini?"

Akavua miwani, akaniangalia. "Hilo ni swali zuri. Nami nikuulize langu. Ulipima kabla ya kuanza?"

"Sikupima."

"Sasa umejuaje kwamba iliongezeka?"

"Niliona kwa macho yangu."

"Macho hayo hayo," akasema, "ndiyo yaliyokwambia kwanza kwamba una upungufu. Huna upungufu wowote, ssebo."

Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Sajini ana hakika, kwa kuwa amefanya. Daktari ana hakika, naye hajafanya. Na mimi niliyefanya na kuumia ndiye pekee nisiye na hakika ya lolote!

Nilifika nyumbani nikashindwa hata kukaa kitini. Nafula akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia yote, kuanzia bafu la mabati. Alinitazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka kilio.

"Baba, wewe ulidhani ni hiyo? Walimchukua Simiyu."

Simiyu ni kaka yake, aliyekuwa akiuza samaki Ggaba na kuishi huko huko, hata sikujua kwamba hayupo. Watu wenye miwani myeusi walimtia kwenye gari mchana kweupe, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Zile Jumamosi mke wangu alikuwa akienda kwa wavuvi, akitafuta mtu atakayemwambia kama ameonekana, hai au majini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Kila jioni ni sajini amesema hivi, sajini amesema vile. Rafiki yako ni mtu wao."

Ndugu zangu, tulipiga magoti sakafuni, mimi na yeye, tukalia mbele za Bwana. Ile aibu niliyoibeba sikuiona tena. Ilitoka! Sikusikia sauti, sikuona mwanga. Niligundua tu kwamba mke wangu amenishika mkono na kwamba hakuwa amenikataa hata siku moja.

Drajua alipokuja tena gereji, nilimfuata. Nikamtajia jina la Simiyu, nikamwambia ni shemeji yangu na amechukuliwa. Uso wake ukabadilika. Aliondoka bila gari lake. Aliporudi aliniambia chini chini, "Yuko hai. Ijumaa atatoka. Mimi nasema."

Maneno yale yale! Kinywa kile kile! Nimwamini? Nafula aliniuliza, "Sasa huyu ndiye aliyekwambia yale mazoezi?" Tulikuja hapa, nanyi mkaomba pamoja nasi. Ijumaa ikapita. Jumamosi ikapita. Nafula aliacha kula. Wiki iliyofuata, mchana, Simiyu akaingia uani kwetu peku, amekonda, meno mawili hana, lakini hai! Bwana asifiwe!

Nilikwenda kumshukuru Drajua. Akasema, "Usishukuru. Niliongea na mtu mmoja. Kama ni yeye alifungua, mimi sijui." Halafu akauliza mazoezi yanaendaje. Safari hii nilimwambia kweli. "Yaliniumiza, afande. Nimeacha."

Nilidhani atakasirika. Alitazama pembeni, akasema polepole, "Mimi pia niliambiwa na mkubwa wangu. Unamwambiaje mkubwa kwamba hujaona kitu?"

Ndiyo hivyo. Kama Simiyu alifunguliwa na yule mtu, au na maombi yenu, au mlinzi alichoka tu, siwezi kuwaapia. Mimi naamini ni Bwana, na ninamshukuru kwa moyo wote. Lakini niliwahi kumshukuru kwa uvimbe, kwa hiyo sitawaambia "mimi nasema".

Nawaomba hili tu. Ndugu uliyekaa hapa na aibu ya mwilini, unayesikia watu wenye hakika kila upande, mtegemee Bwana, na leo ukifika nyumbani zungumza na mkeo kabla hujamsikiliza mwanamume mwingine yeyote, mimi nikiwemo. Sasa tusimame tuombe. Polepole, ndugu zangu. Simiyu tumekuja naye, yuko chumba cha ndani, na akisikia kelele bado anajificha chini ya kitanda.