Raundi za Okinyi Ndani ya Feri

Feri ilipotoka Luanda Kotieno kuvuka Ziwa Victoria kwenda Mbita, bwana mmoja mwenye kitambi, Okinyi, alianza kuzunguka magari yaliyopakiwa, bintiye Akello akimfuata mbio. Benta, abiria mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, akatega sikio. Sinema ya bure haikataliwi.

"Bwana, kaa chini," mzee mmoja asiyemjua akamwambia. "Hata ukitembea, tutafika Mbita pamoja."

"Presha imepanda, Mzee, lazima nifanye mazoezi. Na huyu binti yangu anataka nikimbie mbio za wazazi shuleni."

"Ukikonda watu watasema una ugonjwa. Wakwe watauliza kama binti yao anakupikia."

"Wacha waseme. Baba yangu walimsifu mwili mpaka siku alianguka. Kwa matanga walikuja wote, wakakula, wakashiba."

Mzee akafunika tumbo lake kwa kofia. Kofia haikutosha.

Feri ikafika Mbita. Vijana wa bodaboda wakaita, "Mkubwa, panda!" Okinyi akamweka Akello mabegani, akaanza kupanda mlima kwa miguu, akihema lakini hasimami.

Benta akampigia mumewe simu. "Baba Achola, toka hapo kwa kochi. Zile raba zako za kukimbia uliweka wapi?"