Upawa Mezani, Watoto Koridoni

Mgeni rasmi, Bi Huguette Landry, Mkuu wa Elimu ya Watu Wazima, mwalimu wetu, wazazi wenzetu:

Kabla ya salamu, sikieni sauti hii: zipu ya mkoba, gizani, alfajiri ya Januari. Tutaieleza.

KARIBU
Karibu Anse-aux-Huards. Umeikanyaga theluji yote hii kwa ajili yetu, ahsante. Pai za nyama zipo. Risala ni fupi zisije zikapoa.

TULIKOTOKA
Zipu hiyo aliisikia mwenzetu, ndiye anayekusomea. Bintiye Jolaine, wa miaka saba, alikuwa akipakia mdoli na soksi. Baba na mama walishaamua kuhamia mji wa Moncton. Yeye wangemwambia siku ya safari.

"Nimewasikia. Ukuta wetu mwembamba," alisema. "Nilikuwa nangoja mniulize."

Mama huyo aliposimulia hayo humu, katika darasa letu la wazazi, wote tuliinamisha vichwa. Kila nyumba ilikuwa na zipu yake.

TULIYOYAFANYA
Sasa kila Jumapili, majumbani mwetu, baada ya supu, upawa unazunguka mezani. Aliyeushika ndiye msemaji. Anayemkatiza anaosha vyombo. Juzi mwanadarasa mwenzetu, mzee Anselme, alidakia, mjukuu wake akamwambia, "Babu, usijifanye mkubwa hapa!" Aliosha sufuria tatu, anacheka.

Na Moncton? Upawa ulipomfikia, Jolaine aliomba amalize kwanza mwaka wa shule. Jambo dogo, na hakuna aliyelifikiria. Watahama Juni.

LINALOTUKWAZA
Humu tunasoma haki ya mtoto kusikilizwa, na watoto wetu wako koridoni wanalinda makoti. Kosa ni letu kwanza: wiki kumi tumewafungia mlango, tukasoma habari zao. Tulipozinduka tukaomba waingie, ofisi ikajibu kwamba viti ni kumi na vinne tu, hakuna pa kuwakalisha.

OMBI
Ni moja. Muhula mpya unaanza Alhamisi ijayo. Ukisema hapana, ni wiki kumi nyingine za koridoni. Tunakuomba uufungue mlango ule kwa mkono wako mwenyewe. Mikwaruzo unayoisikia nje, utuwie radhi.

Mungu akupe afya, na nyumba yako isikose kelele za wajukuu.

Ni sisi, Wazazi wa Upawa, Darasa la Alhamisi Jioni.

Ila neno la mwisho si letu. Jolaine, chungulia mwanangu, pokea upawa, sema.

"Viti tumekuja navyo."